Magunia Yao, Ufuta Wetu

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu imebaki kidogo na maneno yamebaki mengi, nami nimeamka leo na furaha ambayo hata daktari hakuielewa: alinipima asubuhi, akatikisa kichwa, akasema nisiongee, nipumzike. Nitapumzika sana, tena karibuni, na hakuna atakayeniamsha. Leo nasema. Wewe binti yangu, kifungua mimba, zima hiyo simu ya ofisini. Wewe kitinda mimba, acha kuchokonoa kucha kwa kisu, utajikata. Na wewe mdogo wangu, uliyesimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba, ingia ukae, kiti kile cha plastiki ni kizima. Ni miaka kumi na minane hujakanyaga humu. Nilipokutumia ujumbe juzi sikutegemea uje, na umekuja, basi hata roho ikitoka saa hii nimekufa mtu tajiri.

Mali kwanza, tuimalize, kwa sababu mali ndiyo inayogombanisha watu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nyumba hii ni yenu wawili, dada na kaka, isiuzwe wala isijengwe ukuta katikati. Hadubini yangu ipelekeni shule ya sekondari, watoto wapate kuona mguu wa mdudu ulivyo, maana mtu aliyeuona mguu wa mdudu kwa karibu hadanganyiki kirahisi. Nguo zangu mpeni jirani aliyekuwa akiniogesha, zote, na msichague zile nzuri mkabakiza. Lile shamba la eka nne kando ya barabara nitalisemea baadaye, kwa hiyo msianze kutazamana.

Sasa sikilizeni vizuri. Jana, binti yangu, nilikusikia jikoni ukimwambia mdogo wako kwamba Jumatatu huendi, kwamba utaiandikia wizara imteue mwingine akaongoze ujumbe kwenye mazungumzo ya ufuta, kwa kuwa mama yako yuko taabani. Ukuta huu ni wa mbao, mwanangu, na masikio ndiyo kiungo changu cha mwisho kuzeeka. Nikamsikia na mdogo wako akikujibu, "Bora usiende, dada, maana ukienda utawakatalia, na mimi ufuta wangu utaozea wapi?" Wote wawili mmenifurahisha, wallahi, nimecheka peke yangu humu mpaka kifua kikauma, kwa sababu ni maneno yale yale niliyoyasikia miaka kumi na minane iliyopita, na safari hii majibu yake ninayo.

Watu wanajua tulishinda shauri la ufuta. Hawajui tulivyoshinda, na hawajui ni nani aliyeubeba mzigo wa ushindi ule mgongoni. Leo mtajua.

Nilikuwa mkaguzi wa mazao katika ghala la forodha, meza yangu ikiwa katikati ya mizani na choo, kwa hiyo kila aliyepita alinisalimia akiwa na haraka. Jumanne moja ikaja faksi, karatasi ile laini inayojikunja yenyewe: ile nchi kubwa inayonunua karibu ufuta wetu wote imezuia makontena thelathini na moja bandarini kwake, na kuanzia siku hiyo haipokei hata punje, eti imekuta mdudu. Hawakusema mdudu gani. Katika wiki mbili bei ikaanguka mpaka wakulima wakawa wanawamwagia kuku ufuta. Na huyu mjomba wenu, ambaye siku zile alikuwa mfanyabiashara wa ufuta mwenye jina, akiingia sokoni wachuuzi wanasimama, alikuwa ameshanunua mavuno ya vijiji sita, ghala lake limejaa mpaka magunia yanagusa mabati.

Nikaandika barua kuomba nionyeshwe huyo mdudu. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu wakaijibu kwa kunitumia kichupa chenye wadudu watatu waliokufa, pengine ili wapumzike na barua zangu. Nikawaweka chini ya hadubini. Wanangu! Nilikuwa nimekagua maghala miaka kumi na saba, wadudu wa nchi hii nawajua kama ninavyowajua majirani, huyu mwenye pua ndefu, yule mwenye kiuno. Lakini hawa, mviringo, kahawia, wenye manyoya mgongoni, sikuwahi kuwaona. Nikajiuliza, wageni hawa wameingia kwa mlango gani?

Siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo, jibu likanipiga usoni: magunia! Kulikuwa na sharti la wanunuzi wale kwamba ufuta wao lazima ufungwe katika magunia yaliyoshonwa kwao, yenye alama yao, nasi tukayaagiza kila mwaka kwa marobota bila kuuliza. Niliacha sufuria na povu lake, nikakimbia na kandambili zangu hadi ghalani kwa mjomba wenu. "Unalo robota la magunia ambalo halijafunguliwa?" Akasema, "Ninayo manne, dada. Kwani unawafungia panya harusi?" Tukatandika shuka jeupe sakafuni, shuka la mkewe, marehemu, ambaye hakutusamehe kamwe; tukakata kamba, tukakung'uta gunia la kwanza. Wakaanguka! Viwavi, magamba, na wazima wawili wakitembea juu ya shuka kwa maringo kama waliolinunua wao. Nikapiga yowe. Mjomba wenu akarukia juu ya mizani, "Nyoka?" Nikamwambia, "Nyoka kitu gani! Hii ni bora kuliko nyoka! Mdudu ni wao! Wametuletea mdudu, halafu wametufungia mlango kwa ajili ya mdudu!" Tulishikana mikono, mtu na dada yake, tukacheza ghalani, na mapagazi wakaacha kazi wakatutazama.

Unatabasamu, mdogo wangu. Usijifiche, nimekuona.

Marobota matatu yaliyobaki hatukuyagusa. Tukaita maofisa, yakapigwa lakiri, yakafunguliwa mbele ya mashahidi, na yote yakawa na hadithi ile ile. Ndipo serikali ikaamua kupeleka shauri kwa jopo la waamuzi wa biashara, ng'ambo, nami nikapelekwa kama shahidi. Tulikuwa watatu: mimi, wakili mmoja mwembamba mwenye kikohozi, na kiongozi wa ujumbe ambaye wizarani walimwita Taratibu, mtu ambaye hata kupiga chafya alikuwa akijiandaa kwanza. Upande wa pili walikaa kumi na mmoja, timu kamili ya mpira, kila mmoja na faili lake.

Nilieleza. Mwanzoni nilisoma karatasi bila kuinua macho, lakini nilipofika kwenye shuka jeupe nikasahau kuogopa. Mwamuzi mmoja akaomba kichupa akiangalie mara mbili, na nikaona upande wa pili wananong'onezana. Nikatoka pale nikidhani tumeshinda. Kwenye korido akanifuata kiongozi wao, bwana mwenye miwani ya fremu ya dhahabu, akanipa mkono. "Mama, umefanya kazi nzuri, na pengine mtashinda. Lakini mkishinda, mtatufanya nini? Sheria itawaruhusu mpandishe ushuru kwenye bidhaa zetu. Pandisheni. Mnachonunua kwetu mwaka mzima, mtaa mmoja wa mji wetu unakimaliza kwa wiki." Hakusema kwa dharau, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana alikuwa anasema kweli. Watu husema mnyonge hana haki. Sivyo, wanangu. Haki anayo, tena ya karatasi yenye mhuri. Asicho nacho ni mkono wa kuishika.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi, inatosha, msinimwagie, bado sijafa.

Nikaenda kwenye chumba cha chai nikiwa nimenyong'onyea. Pale nikamkuta mama mmoja wa makamo, anatembelea fimbo, mjumbe wa nchi nyingine ndogo inayolima ufuta kama sisi. Sisi tulimwita Mama Fimbo. Akaniuliza kwa nini nimenuna, nikamweleza. Akakoroga chai isiyo na sukari, kisha akasema, "Mimi nimekuja hapa kwa sababu wametuita. Wanataka tuzibe pengo lenu. Tuongeze ufuta, watupe bei nzuri mwaka huu." Nikavuta kiti karibu. Nikamuuliza, "Na wengine?" Akasema, "Wameitwa wote, mmoja mmoja, kila mtu na siku yake." Hapo ndipo nilipouona mchezo wote kama nilivyomwona mdudu chini ya kioo! Tulikuwa nchi tano ndogo, na katika kila magunia kumi yaliyokuwa yakiingia katika viwanda vyao vya mafuta, manane yalitoka kwetu sisi watano. Kila mmoja wetu peke yake alikuwa mnyonge. Lakini viwanda vile havisagi hewa.

Nikamwambia, "Mkikataa kuziba pengo, viwanda vyao vitapiga kelele." Akanijibu, "Na tukikataa, mwakani wakitufungia sisi, si ninyi mtakaoziba la kwetu?" Swali la haki kabisa. Nilimwita Taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaja mbio. Tukawatafuta wengine watatu. Na kumbe kila mmoja alikuwa na kidonda chake: huyu wamemkataa kwa unyevu, yule kwa rangi ya punje, wote masharti yasiyo na kichwa wala miguu. Tukaunganisha meza za chai, tukaandika ukurasa mmoja: hakuna atakayeziba pengo la mwenzake, hakuna atakayetia saini peke yake, na wakaguzi wetu wakague pamoja na wao, kwa kipimo kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulitia saini kwenye karatasi yenye duara la kikombe, na Mama Fimbo akakataa ile bei nzuri aliyoahidiwa, mbele ya macho yangu.

Wiki ya pili bwana wa miwani akatuita, Taratibu na mimi. Alikuwa mpole kama mkwe. "Kesho asubuhi tunawafungulia mlango. Ninyi peke yenu. Mwondoe shauri la magunia na muachane na wale wanne." Habari hii, sijui iliruka vipi, ikawafikia wafanyabiashara huku nyumbani kabla sisi hatujainuka kwenye viti, na tulipofika hotelini, tukiwa chumbani kwangu tunashauriana, simu ikalia.

Alikuwa mjomba wenu. Akasema, "Dada, kubali. Ghala linapata joto, ufuta umeanza kunuka." Nikasema, "Siwezi, tumeahidi." Akasema, "Ni mimi, dada. Si nchi. Ni mimi."

Nikaweka simu chini. Taratibu alikuwa amesikia kila neno. Akavua kofia yake, akaniambia, "Mimi sina ndugu ghalani. Wewe unaye. Amua wewe, nami nitaibeba kwa jina langu." Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha watu, nikamwona mdogo wangu alivyorukia mizani kwa hofu ya nyoka, na nikamwona Mama Fimbo na chai yake isiyo na sukari. Nikasema hapana. Hiyo hapana niliisema mimi, wanangu, si Taratibu, si wizara, ingawa magazeti yalimsifu yeye. Mdogo wangu, leo unaisikia kwa kinywa changu.

Ikachukua siku thelathini na mbili. Viwanda vyao vikamaliza akiba, mashine zikasimama, wenye viwanda wakaenda kuibana wizara yao wenyewe, watu wao, kwa lugha yao! Tukaitwa wote watano ndani ya chumba kimoja. Makatazo yakaondolewa kwa wote, sharti la magunia likafutwa kwa wote, na ukaguzi ukawa wa pamoja. Bwana wa miwani akatia saini mara tano, na kila mara kalamu yake ilikuwa nzito zaidi. Tulipotoka nje, Mama Fimbo aliirusha fimbo yake hewani akacheza kwenye ngazi za jengo lile la watu wakubwa, akakaribia kuanguka, Taratibu akamdaka, na wakili wetu akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. 

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha hiyo mkononi kama mtu aliyebeba keki. Nikaenda moja kwa moja ghalani. Ufuta ulikuwa umechacha, magunia yameoza, yanatolewa kwa koleo. Mdogo wangu akaniambia, "Umeshinda. Hongera," akafunga mlango. Ghala likauzwa, naye akaenda kupima mizigo katika ghala la watu wengine, yeye ambaye akiingia sokoni watu walisimama. Tangu siku hiyo hadi leo hatujasemezana.

Sijutii ile hapana. Ningerudishwa pale, ningeisema tena. Lakini sikilizeni kosa langu, maana huu ndio urithi wenyewe, zaidi ya nyumba: nilijua siku ile katika chumba cha chai kwamba tutasubiri, na sikupiga simu nyumbani kusema jiandaeni. Sikuiomba serikali ifungue maghala yenye ubaridi, sikuuliza nani anakamua mafuta hapa hapa kwetu, sikutafuta mnunuzi wa pili hata mdogo. Nilidhani nguvu iko kwenye mdomo unaosema hapana. Nguvu iko kwenye tumbo linaloweza kungoja. Nchi kubwa haitushindi kwa akili. Inatushinda kwa sababu ina akiba ya wiki sita na sisi tuna ya siku tatu, na mwenye njaa hutia saini chochote. Binti yangu, safari hii wanataka kila shamba lipimwe na kampuni zao kabla ya kununua, na tayari wameanza kuwaita wenzetu mmoja mmoja, mchezo ule ule na magunia mapya. Kabla ya kukanyaga chumba chao, jua kila mkulima wako atasubiri siku ngapi, na atakula nini akisubiri. Ukishajua hilo, hapana yako itasikika mpaka kwenye viwanda vyao.

Na sasa lile shamba la eka nne. Kitinda mimba, wewe ndiye unayelilima, ni lako, lakini kona ya barabarani, pale penye nguzo ya umeme, namkatia mjomba wako, na pajengwe kinu cha mafuta, cha ninyi wawili. Mashine ipo. Ile iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba, mliyodhani ni jenereta bovu, ni mashine ya kukamulia, nimeinunua kwa pensheni yangu, polepole, na sikumwambia mtu. Wakati dada yako anasubiri kule, ninyi mtakuwa mnakamua huku.

Nini? Sema kwa sauti, mdogo wangu, usiongee na sakafu. Eti nini? Mmemsikia? Anasema ameshaichungulia alipopita nyuma, na eti ile ni ya alizeti, ufuta utaiziba! "Dada, miaka yote hii na bado hujui kuchagua mashine." Ha! Miaka kumi na minane nimengoja sauti hii, na imekuja kunigombeza! Inabadilishwa kichujio tu? Unajua fundi? Basi... basi kabadilisheni. Njoo hapa. Nipe huo mkono. Mkono wako una vumbi la mizani. Nisamehe, mdogo wangu... Si kwa nilichokataa. Kwa kutokupigia simu. Usilie, utawaliza na hawa.

Sasa... nachoka. Maneno yanaanza kuteleza. Sikieni la mwisho.

Nizikeni siku hiyo hiyo, bila turubai kubwa, bila hotuba. Asije mtu wa wizara kunisifu... atakosea tarehe. Wewe binti yangu, Jumatatu unaondoka. Kama nitakuwa nimetangulia, unaondoka. Kama nitatangulia ukiwa ndani ya kikao, mdogo wako asikupigie simu mpaka mtoke. Maiti haina haraka. Wewe kitinda mimba, mpigie dada yako kila siku, umwambie ukweli wa shambani, hata ukiwa mchungu... na wewe, dada mtu, upokee simu. Hata ukiwa na hao kumi na mmoja mbele yako. Pokea.

Mwenyezi Mungu awape... awape watu wa kukaa nao meza moja. Awape pumzi ndefu. Kila mlichonitendea, kizuri na kibaya, nimekipokea kama mama, na moyo wangu kwenu ni mweupe, leo na huko niendako. Msigombane. Mkigombana... msikae miaka.

Leteni shuka, miguu imepoa. Asante.

Binti yangu, mbona bado umekaa? Sanduku halijifungi lenyewe... Nenda, mwanangu. Mjomba wako yupo. Amenishika mkono... Nenda.